Vishikwambi viwili, hela moja ya mchezo

Nimetoka usiku, nimeoga, nimekunywa chai, usingizi umegoma. Basi leo tumalize lile jambo mnaloniuliza inboksi tangu nilipopandisha ile picha ya meza ya wodini: "Sista, hicho kishikwambi ni cha aina gani, bei gani, na mimi nichukue Samsung au Lenovo?" Nitajibu. Ila naanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Ilikuwa saa tisa usiku, wodi ya watoto. Nilikuwa ndiyo kwanza nimehamishiwa huko baada ya miaka mitatu wodi ya wanaume. Akaletwa mtoto wa kilo 14, malaria kali, amedegedeka njiani, mama yake ameng'ata ncha ya kanga hasemi kitu. Dawa ni artesunate ya sindano. Nikajisemea, usiamini kichwa chako, umekaa mbali na watoto muda mrefu, fungua mwongozo.

Mwongozo ninao kwenye simu, ile PDF ya kurasa nyingi ambayo wengi wenu mnayo pia. Simu yangu ya wakati ule ilikuwa na ufa kutoka kona moja mpaka katikati ya kioo. Ukurasa wenye jedwali ukiuacha mzima, herufi ni kama chawa. Ukiukuza, unaona kipande kimoja tu. Nikakuza. Nikaona 2.4. Nikazidisha kwa 14, nikapata 33.6. Nikamwambia mwenzangu, maana dozi ya mtoto tunahakiki wawili. Akaniuliza hata kichwa hajainua, "Kilo ngapi?" Nikamwambia kumi na nne. "Chini ya ishirini ni tatu, dada."

Tatu mara kumi na nne ni 42. Mstari wa watoto wadogo ulikuwa palepale kwenye jedwali, umebaki nje ya kioo tu kwa sababu nilikuza. Na kilichonimaliza zaidi ni kwamba 2.4 haikunishtua hata kidogo. Mimi nilisoma chuo wakati kiwango kilikuwa 2.4 kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. WHO walikuja kubadilisha mwaka 2015, watoto wasiofika kilo 20 wakapandishwa mpaka 3. Nilishafundishwa hilo badiliko, nilishalijua. Lakini saa tisa usiku kichwa kinarudi kwenye kile cha kwanza, na simu nayo ikakubaliana na kichwa.

Mtoto alipata 42 zake, siku ya tatu alikuwa anagombania uji na mwenzake. Mimi asubuhi ile kwenye daladala mikono ilinitetemeka mpaka nikashindwa kuhesabu nauli.

Hapo ndipo wazo la kishikwambi lilipoanzia. Si urembo jamani, ingawa kuna watu wodini waliniambia nimeanza maringo.

Hela ilikuwa ya mchezo. Tunacheza watu kumi, elfu hamsini kila mwezi, zamu yangu ilikuwa Desemba, kwa hiyo mkononi nilipata laki nne na nusu. Hiyo ndiyo bajeti, haina kaka wala dada. Na Januari nina mtoto anaingia darasa la tano, sare zimembana, viatu vinacheka. Mzee wa nyumbani nilipomwambia alisema neno moja tu: "Si una simu?" Sikumlaumu. Kwa anayekaa nje ya wodi, simu ni simu.

(Kuna mwenzangu alinitania nisubiri serikali. Mnakumbuka vile vishikwambi vya sensa ya 2022, baadaye vikagawiwa walimu? Dada yangu ni mwalimu, anacho. Siku za mwanzo nilikuwa nakiangalia kama mtu anavyoangalia sahani ya jirani.)

Nikaanza kuuliza. Kwa bajeti yangu kila mtu aliishia kwenye viwili vilevile: Samsung Galaxy Tab A9 na Lenovo Tab M9. Vyote vya 2023, Lenovo alitangulia Januari, Samsung akaja Oktoba. Ukiviweka kwenye karatasi ni kama mapacha. Samsung kioo inchi 8.7, Lenovo inchi 9. Betri zote mbili 5100. Kamera ya nyuma zote nane, ya mbele zote mbili, yaani za kupigia picha ya kitambulisho, si za harusi. Uzito unatofautiana gramu 12, hiyo hata mizani ya watoto wachanga inaweza isikubaliane nayo. Zote hazina alama ya kidole.

Wanapoachana ni ndani. Samsung ina prosesa ya Helio G99, Lenovo ina G80, na G99 ni ya kizazi kipya zaidi, ina nguvu. Samsung inachaji kwa wati 15, Lenovo 10. Samsung inakubali memori kadi mpaka TB 1, Lenovo inaishia GB 128. Ukisoma hivyo unasema mbona jibu liko wazi. Vijana wote wa maabara walisema Samsung. Inchaji akasema Samsung. Hata muuza matunda wa getini alisema Samsung.

Sasa bwana, siku ya mapumziko nikapanda treni ya SGR kutoka Morogoro, nikashuka Dar, moja kwa moja Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Kwenye pochi nilikuwa na hela, na memori kadi yenye ule mwongozo. Memori kadi ndiyo iliyonisaidia kuliko ushauri wa watu wote.

Duka la kwanza kijana akanionyesha Lenovo laki tatu kamili. Moyo ukaruka. Nikamuuliza, inaingia laini? "Inaingia, sista, ona," akachomoa kisahani cha pembeni akanionyesha tundu. Nikashika boksi nikasoma pembeni: TB310FU. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndipo watu wanapopigwa. Tab M9 ya Wi-Fi tupu ni TB310FU. Yenye laini ni TB310XU. Kwa Samsung, Tab A9 ya Wi-Fi ni SM-X110, yenye laini ni SM-X115. Tofauti ni herufi moja au tarakimu moja, lakini ile ya Wi-Fi ukiingiza laini utaingiza mpaka kesho, kile kisahani ni cha memori kadi tu. Na ilikuwa na RAM 3 na nafasi ya GB 32, ambayo mfumo wenyewe ukishakula sehemu yake na programu ukaziweka, umebaki na chumba cha kulala mtu mmoja. Nikamrudishia. Hakukasirika, akaniambia tu, "Dada umejipanga."

Mtaniuliza kwa nini niling'ang'ania laini, si unawasha hotspot ya simu? Nyumbani sina Wi-Fi. Kozi za mtandaoni za kupata pointi za CPD, ambazo bila hizo leseni haihuishwi, nazisoma usiku wa manane kukiwa kimya au alfajiri. Hotspot inaua chaji ya simu, na mimi saa kumi na mbili asubuhi nahitaji simu ihai nimpigie bodaboda. Ni hivyo tu.

Duka la pili walikuwa na zote mbili zenye laini, zote RAM 4 na nafasi GB 64. Lenovo laki tatu na sabini na tano. Samsung laki nne na sitini, "mwisho kabisa, kwa ajili yako." Nikaomba niweke kadi yangu. Yule kaka alisita, nikamwambia sinunui bila hivyo, akakubali.

Nikafungua mwongozo kwenye Samsung, nikatafuta neno artesunate. Likaja upesi. Nikafungua kwenye Lenovo, neno lilelile. Likaja pia, ila nilihesabu moja, mbili, mpaka tatu. Kwa hiyo nilichokuwa naambiwa ni kweli, Samsung ina kasi. Halafu nikafanya kile nilichokuja kufanya: nikafungua ukurasa wa jedwali, bila kukuza, nikanyoosha mkono kama ninavyoshika kitu huku mkono mwingine umeshika chati. Zote mbili jedwali lilionekana lote. Mstari wa chini ya kilo 20 na mstari wa kilo 20 na kuendelea, pamoja, kwenye kioo kimoja. Niliziangalia kwa muda mpaka yule kaka akaniuliza kama kuna tatizo.

Kwenye Lenovo herufi zilikuwa kubwa kidogo zaidi, na kuna hali ya kusomea inayofanya rangi ya kioo ifanane na ya karatasi, haichomi macho. Samsung maandishi yalikuwa makali kidogo, kwa sababu nukta za kioo ni zilezile 1340 kwa 800 zimebanwa kwenye nafasi ndogo. Mambo ya kupendeza tu hayo.

Nikasimama pale napiga hesabu. Samsung inanizidi bajeti elfu kumi, bado kava, bado protekta, bado nauli ya kurudi. Tofauti ya hizo mbili ni elfu themanini na tano. Nanunua nini kwa elfu themanini na tano? Sekunde mbili za kutafuta neno. Na kuchaji haraka, na kifaa kitakachochelewa kuzeeka, siwezi kusema uongo, hilo ni kubwa na ndilo linaloniuma mpaka leo nikiwaza miaka mitatu mbele. Upande wa pili kuna shati mbili, sketi mbili na viatu vya mtu anayeingia darasa la tano.

Nikachukua Lenovo. Kabla ya kulipa nikabonyeza *#06# ikaleta IMEI, nikaifananisha na ya kwenye boksi, nikaituma kwenda 15090 nisome jibu nikiwa bado dukani. Wanaokumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa wanajua kwa nini. Risiti nikaomba, kava elfu kumi na tano nikaweka. Sare nilinunua palepale Kariakoo, kwa bei ya Kariakoo.

Kwa hiyo mnaouliza: kama mtoto atakicheza magemu, kama unataka ukae nacho miaka mingi, na hela ipo, chukua Samsung, sitabishana na wewe. Kama kazi yake ni kusoma PDF, kozi, na kujaza fomu, na hela imebana kama yangu, Lenovo yenye laini na GB 64 inatosha. Ile ya GB 32 iache hata kama umepewa kwa punguzo. Na usimuulize muuza duka kama inaingia laini, soma boksi.

Miezi minne sasa. Kuchaji ni taratibu kweli, nakiweka ukutani kabla ya kulala mchana nikiamka ndiyo kimejaa. Kitu ambacho sikukitegemea ni ndugu wa wagonjwa. Zamani nikishika simu mezani nilikuwa nasikia wananong'ona, "nesi anachati, mgonjwa anakufa." Kuna baba aliwahi kunipiga video kabisa, mimi nasoma dozi ya mwanawe. Sasa nikishika hiki wanakaa kimya, mmoja aliniuliza kwa heshima kama ni cha serikali. Nilisema ni changu. Sidhani kama aliniamini.

WhatsApp sijaweka kabisa, kwa makusudi. Kamera siitumii wodini hata kwa kidonda kizuri cha kufundishia, kwa sababu picha ya mgonjwa kwenye kifaa changu ambacho mtoto wangu anakifungua Jumapili kuangalia katuni, hapana. Kukisafisha nazima kioo, nafuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, simwagii. Glavu nilizomshikia mgonjwa hazikigusi. Kinakaa mezani kituoni, hakizunguki na troli kitanda kwa kitanda.

Usiku wa jana akaja mtoto wa kilo 11. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo alikuwa nami, nikampa kishikwambi asome kwa sauti. Akasoma mstari, akasema tatu mara kumi na moja, thelathini na tatu. Sawasawa. Nikamwita mwenzangu aje ahakiki, yule yule wa "kilo ngapi."

Akaja anacheka. "Litivii lote hilo na bado unaniita?"

Nikamwambia njoo usome.