Mwalimu Asiye na Masikio

Kijana mmoja wa Njombe alipata saksafoni kabla ya kupata mwalimu. Ala yenyewe ilikuwa ya aina ya alto, kuukuu, iliyonunuliwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa basi katika mkoba wenye bawaba moja nzima. Wapigaji wa vinanda, wa magitaa na wa tarumbeta za makanisani aliwajua; lakini hakumjua hata mmoja apulizaye mdomo wa bata, kama wapenzi wa muziki wa dansi waiitavyo ala hiyo. Akaazimia kujifunza kwa simu.

Si haki kuudharau msaada wa simu. Katika siku za NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964, aliyetamani ufundi huu hakuwa na njia fupi ila kukaa karibu na mpigaji na kumwiba kwa macho. Kijana huyu aliweza kumsimamisha mwalimu wake katikati ya neno, akamrudisha nyuma mara kumi bila ya kumuudhi, akaupunguza mwendo wa wimbo hata nusu na sauti isishuke. Alikuwa na programu ya kuhesabu mapigo, na nyingine yenye sindano ya kuonyesha kama sauti iko juu au chini ya kipimo. Alikuwa na nyimbo za kusindikiza pia, ambazo ngoma na vinanda vimekwisha kurekodiwa, pamebakia nafasi yake tu. Kifurushi cha intaneti kilimgharimu, naam, lakini mwalimu wa kulipwa angalimgharimu zaidi.

Majirani walimvumilia kwa juma moja. Baadaye alihamia katika misonobari nje ya mji, akapuliza huko alfajiri kabla ya kwenda kazini.

Hapo baridi ikaingia katika masomo yake. Njombe imekaa juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai hutafuta mifupa. Kila alipopuliza, sindano ililala upande wa chini. Kijana akadhani kosa ni la midomo yake. Akaubana kwa taya ule ulimi mwembamba wa mwanzi ambao mtikisiko wake ndio uzaao sauti. Sindano ilipanda, lakini sauti ilikonda kama ya mtoto mgonjwa, na mdomo wake wa chini ukafanya kidonda. Kumbe mwendo wa sauti hupungua hewa ikipoa: katika nyuzi 20 za Selsiasi ni mita 343 kwa sekunde, na katika sifuri ni 331 tu. Ala baridi hulia chini hata mikononi mwa bingwa. Dawa yake ni kuipasha moto kwa pumzi kwanza, kisha kukisukuma kidogo ndani kile kipande cha kutiwa mdomoni. Sindano ilisema kweli. Sababu haikuisema, na kijana hakujua kuwa iko sababu ya kuuliza.

Miezi minane ilipita. Ndugu yake mmoja aliyeimba katika kwaya huko Makambako akamwalika mazoezini. Toka Njombe ni safari ya kilomita 60 hivi, hadi pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Zambia, na reli ya TAZARA hupita. Alikwenda kwa basi dogo, mkoba mapajani, moyo umejaa. Wimbo alikuwa ameuzoea. Kinanda kilianza katika F. Naye akaweka vidole vya F, akapuliza kwa nguvu.

Kilichosikika hakikuwa wimbo. Waimbaji wa sauti ya kwanza walinyamaza. Mtoto mmoja alicheka. Kijana alijaribu tena, vidole vilevile, na aibu ileile ikarudi.

Saksafoni ya alto ina desturi yake: mpigaji akiweka vidole vya C, sikio husikia E iliyoshushwa nusu hatua. Vidole vyake vya F vilitoa A iliyoshushwa, wala si F ya kinanda. Zile nyimbo za kusindikiza alizozipenda zilikuwa zimetayarishwa kwa ajili ya alto, ufunguo wake umekwisha kubadilishwa na mtu wa mbali. Ndiyo maana kwa miezi minane hakupata kugombana na mtu yeyote.

Mwalimu wa kwaya, mzee aliyestaafu kazi ya shule, hakuwa amepata kuishika saksafoni. Alimpa karatasi ya wimbo iliyoandikwa kwa mkono, kwa do, re, mi. Maandishi ambayo Sarah Glover na John Curwen waliyatengeneza Uingereza katika karne ya 19, na wamisionari wakayaeneza hata yakawa kama mali ya kwaya za Tanzania.

"Do yako iko wapi, mwanangu?" mzee aliuliza.

"Kwenye C, mwalimu."

"Hapa do huhama. Leo imekaa kwenye F ya kinanda. Itafute katika chombo chako."

Aliitafuta, kidole baada ya kidole, kwaya nzima ikingoja. Aliikuta kwenye D. Kutoka hapo alipanda ngazi hadi do ya juu, akauongoza ubeti wa kwanza polepole bila kuanguka. Katika wa pili alianguka. Mzee alitikisa kichwa, lakini si kwa kosa lile.

"Mbona unaibana hivyo? Inalia kama inayokabwa. Iachie."

Hayo hakuna aliyepata kumwambia. Yule wa kwenye simu alifundisha watu wengi mno, wala hakumsikia hata mmoja wao.

Alipoaga, kijana aliambiwa arudi Jumamosi. Njiani aliipiga hesabu ya nauli akaiona ni sawa na kifurushi cha juma. Alirudi Jumamosi ile, na nyingine. Fedha zilizosalia zilitosha kifurushi kidogo, kwa maana kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa hakijaijua kazi yake, na katika jambo hilo mzee hakuwa na la kumfundisha.