Ndege Iliyoshindwa na Daraja

Wakulima wa mpunga hapa Mwamkulu wanajua jambo moja kuhusu ndege: anayetaka kula punje lazima ashuke, na akishuka hufikiwa na jiwe la kombeo. Naona sheria hiyo inazihusu hata ndege za vita.

Warusi waliielewa mapema. Katika Vita Kuu ya Pili walitumia Ilyushin Il-2, ndege ya kushambulia vifaru na askari walioko ardhini. Kwa kuwa ilipaswa kuruka chini sana, injini na rubani walikingwa kwa bamba nene za chuma. Haikuwa na mbio nyingi, lakini zilitengenezwa zaidi ya 36,000.

MiG-21 iliyokuja baadaye ilikuwa ya namna nyingine. Iliundwa ili kufukuza ndege za adui huko juu, kwa kasi ipatayo mara mbili ya sauti. Hiyo, pamoja na MiG-17, ndiyo aliyokuwa nayo Idi Amin mwaka 1978 alipotaka kupiga Bukoba na daraja la Kyaka katika mto Kagera. Daraja ni jembamba. Rubani aliye mbioni huliona kwa sekunde chache tu, na chini mizinga ya JWTZ inamsubiri. Mabomu yalishindwa kulivunja. Mwishowe, Novemba 1978, lilivunjwa kwa baruti iliyotegwa na mtaalamu kutoka mgodi wa Kilembe.

Je, ndege hizo zilikuwa kelele tu? La hasha. Bomu lililokosa shabaha halikosi pa kuangukia, na mama anayekimbia na mtoto mgongoni hana namna ya kujua rubani alilenga nini. Hofu iliwapofusha hata walinzi: karibu na Musoma, wapiganaji wetu walitungua ndege zetu wenyewe wakidhani ni za adui.

Waliokomboa Kagera walitoka pande zote za nchi, wengi wao mgambo walioacha majembe. Walijenga daraja la muda, wakavuka, na Aprili 1979 wakaingia Kampala. Vita iliamuliwa na watu waliokanyaga ardhi.

Kwa hiyo nikisikia ndege mpya ya kivita ikisifiwa kwa mbio na mabomu yake, huwa natamani mtu mmoja aulize nani anaishi chini yake.