Nafasi ya Mgeni

Miaka yote niliyocheza Ligi Kuu ya Tanzania Bara, jina langu lilikaa kwenye orodha ya wachezaji wa kigeni. Wenzangu katika orodha hiyo walitoka Uganda, Burundi, Ghana na Kongo. Mimi nilitoka Göteborg, Sweden, lakini baba yangu ni mtu wa Ngamiani, Tanga, na babu yangu amezikwa huko huko. Nilipoanza, klabu iliruhusiwa kusajili wageni 5. Baadaye wakawa 7, kisha 10, na sasa ni 12. Nafasi 5 ni chache mno. Klabu inayompa beki wa kulia mojawapo ya nafasi hizo imekubali kumkosa mshambuliaji, na hakuna shabiki asiyeijua hesabu hiyo. Kwa hiyo sikupewa muda wa kuzoea mazingira. Mgeni husajiliwa ili azibe pengo siku hiyo hiyo, na akishindwa, dirisha dogo halimkuti.

Baba alifika Göteborg mwaka 1986 akiwa baharia. Kabla ya hapo alikuwa akipakia marobota ya katani bandarini Tanga, na jioni anacheza mpira wa mchangani. Mwaka 1987 IFK Göteborg ilitwaa Kombe la UEFA kwa mara ya pili, na baba alikuwa miongoni mwa watu waliojaa barabarani usiku ule. Mwaka uliofuata Coastal Union ikawa bingwa wa Tanzania, na habari hiyo aliipata kwa barua ya mdogo wake. Barua hiyo ninayo. Ni karatasi nyepesi ya buluu, ile iliyokuwa ikikunjwa yenyewe kuwa bahasha, na imeandikwa hadi pembezoni. Ba mdogo alipanga kikosi kizima kwa namba, kuanzia kipa hadi winga wa kushoto, akaeleza nani alikaba na nani alizembea. Hali ya bibi ilipata mstari mmoja tu, mwishoni kabisa.

Nilizaliwa mwaka 1991. Mama ni Mswidi, na nyumbani kwetu lugha zilikuwa mbili, ila mpira ulizungumzwa kwa Kiswahili. Kila Julai mji wetu hupokea Gothia Cup, mashindano ya vijana yaliyoanza mwaka 1975, yanayoleta timu kutoka kila pembe ya dunia. Baba alikuwa akizunguka viwanja vya Heden akitafuta jezi za timu za Afrika Mashariki. Akiwapata vijana, iwe wa Tanzania au wa Kenya, anawaalika nyumbani. Mama alijifunza kupika pilau kwa ajili ya wiki hiyo, sufuria mbili kubwa, na vijana wakikaa sakafuni sebuleni wakila na kubishana kuhusu Simba na Yanga. Mimi mtoto mdogo nilikuwa nikiwatazama miguu. Nilitaka kucheza kama wao, na nilitaka kucheza walikotoka.

Nilianza Ligi Kuu mwaka 2013, baada ya majaribio katika klabu moja ya mikoani. Nilikuwa nimecheza madaraja ya chini Sweden, kwenye nyasi bandia, chini ya taa, miezi mingi ya mwaka kukiwa na baridi. Huko nilifundishwa kuanzisha mpira kutoka nyuma, pasi fupi, mpira usipande juu ya goti. Wiki ya kwanza kambini nikagundua kwamba elimu hiyo inahitaji ardhi ya aina yake. Katika viwanja vingi vya wakati ule, pasi ya mita 10 ilifika ikiwa kifuani kwa mtu.

Aliyeniokoa ni beki wetu wa kati, mtu mzima aliyekuwa ameshacheza karibu kila kiwanja cha nchi hii. Tulipokwenda Shinyanga, siku moja kabla ya mechi alinichukua saa sita mchana hadi Kambarage. Alivua viatu, akaniambia nami nivue. Tukatembea peku upande wangu wote wa kulia, kutoka bendera ya kona hadi mstari wa kati, polepole. Kila hatua chache alisimama akakanyaga. Hapa pagumu, mpira utapaa, usiusubiri udunde mara mbili. Hapa pana mchanga, utazama, ufuate. Hapa pameinama, winga wao wa kushoto ni mwenyeji na atakuvutia huku makusudi. Kesho yake winga alinivutia pale pale. Tangu siku hiyo sikuingia kiwanja kigeni bila kwanza kukikanyaga kwa miguu mitupu, na vijana ninaowafundisha leo ndivyo wanavyofanya.

Nchi ya baba nimeijua kwa kupitia mpira na dirisha la basi. Manungu, kule Turiani, tulicheza huku miwa ya Mtibwa imetuzunguka. Mbeya, uwanja wa Sokoine, mji umekaa juu kiasi cha mita 1,700 na pumzi inakatika kabla ya miguu. Mtwara kuna Nangwanda Sijaona, na siku hizo barabara ilikuwa ikitufikisha tumekufa viungo. Bukoba ndiko nilikopumua: Kaitaba ilipowekewa nyasi bandia nilihisi nimerudi nyumbani kwa mama, na nadhani nilicheza huko mechi zangu bora. Hapakuwa na ndege kwa timu kama yetu. Tulilala safarini, tukala safarini, na mtunza vifaa alikuwa akifua bipsi kwenye ndoo nyuma ya nyumba ya wageni na kuzianika kwenye madirisha ya basi ili zikauke tukiwa njiani.

Msimu wa 2014/15 tulikwenda Mkwakwani. Ilikuwa kaskazi, saa kumi jioni, joto la Tanga lile ambalo halikuachii hata kivulini. Nilikuwa nimewahi kufika Tanga na baba, lakini kama mtoto wa likizo. Safari hii nilifika nikiwa nimevaa jezi ya wapinzani wa Coastal. Tulipotoka kupasha misuli, upande wa mzunguko walianza kama kawaida: Mzungu, Mzungu, rudi kwenu. Nilikuwa nimelizoea hilo kila mkoa. Kisha katikati ya kipindi cha kwanza nilikwenda kurusha mpira karibu na jukwaa, na mzee mmoja mwenye kofia ya kiua alisimama akaniita kwa jina la baba. Si jina la kwenye hati. Lile la mchangani, walilompa vijana wenzake wa Ngamiani miaka ya sabini, ambalo hata mama hakuwa akilijua. Wazee waliokaa naye wakalidaka. Hadi mapumziko jukwaa lile lilikuwa likiniita kwa jina hilo, wakinizomea kwa jina hilo nikigusa mpira, wakicheka nikiteleza. Sijawahi kuzomewa kwa upendo namna ile. Nilicheza dakika zilizobaki koo limenikaba.

Baada ya mechi kocha aliniruhusu niende nyumbani kwa saa mbili. Nyumba ilijaa. Nilitoa shikamoo kwa watu ambao majina yao nilikuwa nimeyasikia kwenye simu tangu utotoni, na shangazi alinishika mkono muda wote kana kwamba ningepotea. Ba mdogo, mwandishi wa ile barua ya 1988, alingoja nimalize kula ndipo akasema neno lake.

"Umecheza vizuri, baba. Lakini ungecheza kwetu."

Sikuwa na jibu. Coastal haikuwahi kunihitaji, nami nilikuwa na mkataba kwingine. Msimu uliofuata, 2015/16, timu zote tatu za Tanga zilizokuwa Ligi Kuu, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo, zilishuka daraja kwa pamoja. Yetu ilinusurika. Nilimpigia baba simu Göteborg, na kwa mara ya kwanza hakutaka tuzungumze mpira.

Sasa niseme jambo la uraia, kwa sababu ndilo linaloulizwa kuliko yote. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtambua mtoto aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania kuwa raia kwa kurithi. Nami nilikuwa hivyo, kwani baba hakuwahi kuchukua uraia wa Sweden. Lakini mtoto huyo akifika utu uzima akiwa na uraia wa nchi nyingine, lazima aukane ule mwingine; asipoukana, wa Tanzania unakoma. Sweden imeruhusu uraia pacha tangu mwaka 2001, Tanzania haijauruhusu. Nilipotimiza miaka 18 mama alikuwa ameanza kuugua. Kuukana uraia wa Sweden kungekuwa na maana kwamba kila nikitaka kumuuguza mama yangu niombe viza. Nilichagua kuweza kuingia chumbani kwa mama bila kuomba ruhusa ya mtu. Ningelazimishwa kuchagua tena leo, ningechagua hivyo hivyo.

Gharama yake niliilipa kazini. Kila nilipobadili timu au kurefusha mkataba, kulikuwa na kibali cha kazi, kibali cha ukaazi, hati ya uhamisho wa kimataifa pale ilipohitajika, na kiongozi wa klabu akipiga hesabu kama beki anastahili fedha zote hizo. Taifa Stars sikuwahi kuifikiria kwa sauti, maana timu ya taifa inataka raia. Wenzangu walipokuwa wakiitwa, mimi nilibaki kambini na majeruhi, na televisheni.

Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu ilichezwa bila mdhamini mkuu. Nitasema tu kwamba klabu niliyokuwa nayo ilichoka mapema. Mishahara ilisimama. Mama ntilie wa jirani na kambi alifungua daftari, kila mchezaji na ukurasa wake, na wali maharage ukaendelea kutoka. Wapo waliopeleka pikipiki usiku ili walipe kodi, asubuhi wako mazoezini macho mekundu. Mimi nilikuwa na njia: tiketi ya ndege, mama na baba, mfumo wa Sweden unaomshika mtu akianguka. Wao hawakuwa nayo. Nilibaki hadi mechi ya mwisho, na najivunia hilo kuliko goli lolote. Kikosi kile kilibaki ligini kwa sababu watu wasiolipwa walikubali kukimbia dakika 90 kila wiki. Mwaka 2021 Azam Media iliposaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, nilifurahi kwa dhati, ingawa goti langu lilikuwa limeshaamua. Wachezaji wa leo wanaweza kupanga maisha. Hilo tulilitamani sana.

Niliacha kucheza mwaka huo, nikahamia Tanga. Julai 2022 baba alikuja, tukapanda basi hadi Arusha kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid, fainali ya Kombe la Shirikisho, Coastal na Yanga. Sare ya 3-3, Abdul Sopu akifunga yote matatu ya Coastal. Kila goli baba alinikumbatia kwa nguvu ya mtu wa bandarini. Yanga walitwaa kombe kwa penalti. Ba mdogo hakuwahi kuiona siku hiyo. Tulikuwa tumemzika mwaka mmoja kabla. Njia nzima ya kurudi baba alinisimulia kikosi cha 1988, kwa namba, kama kilivyo kwenye barua.

Kwenye AFCON iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, Taifa Stars ilikuwa na vijana waliozaliwa Uingereza, Haji Mnoga na Tarryn Allarakhia wakiwemo. Walipotoka sare na Zambia 1-1, kisha 0-0 na Kongo, nilikuwa nikimtazama Mnoga upande wa kulia kuliko nilivyoutazama mpira. Mwaka uliofuata Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars wamepewa uraia kwa tajnisi. Watu walitegemea niseme vibaya. Siwezi. Waliotoka mbali wakaamua kuitumikia nchi hii wana heshima yangu. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Mtanzania asiambiwe amkane mama ili awe wa baba. Hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania ni hatua njema, lakini hadhi si uraia, na haimvishi mtu jezi ya taifa.

Nafundisha vijana wa chini ya miaka 17, kwa kibali. Nina beki wa kulia mmoja aliyezaliwa Uingereza, anayelelewa na bibi yake Chumbageni. Ana kasi, ana moyo, na ana pasipoti mbili. Bibi yake alikuja kuniuliza afanye nini, nikamweleza sheria ilivyo, neno kwa neno, na nikamwambia waanze kuzungumza na wazazi wa kijana sasa hivi, siyo siku ya kuzaliwa kwake ya 18. Kijana mwenyewe ana miaka 15. Bado anaruhusu krosi ipite mgongoni mwake, na wiki hii hiyo ndiyo kazi yetu.