Mimi ni Mfeministi, Ila Riwaya za Mapenzi Siachi Ng'o

Jamani, leo nina la kuungama.

Mwezi uliopita nilikaa na wadada kama kumi hivi, wote wasomi, wote moto, tunajadili mambo ya wanawake. Tukaambiwa kila mtu ataje kitabu anachosoma sasa hivi. Mmoja akataja cha historia, mwingine cha uchumi, mwingine kitabu ambacho jina lake tu lilinipa usingizi. Zamu yangu ilipofika nikataja riwaya nzito niliyoisoma enzi za chuo, ambayo hata mwisho wake siukumbuki. Wenzangu wakatikisa vichwa kwa heshima.

Kumbe mkobani, hapo hapo miguuni kwangu, kulikuwa na riwaya ya mapenzi niliyoivalisha gazeti ili watu wasimwone yule mkaka wa kwenye jalada aliyesahau kufunga vifungo vya shati. Nilikuwa nimeiachia pale anapokaribia kutamka kwamba anampenda. Kiukweli kikao kizima akili yangu ilikuwa huko.

Niliporudi nyumbani nikajiuliza: hivi mwenzenu naona aibu ya nini? Ya mapenzi? Au kuna kitu ninachokijua kuhusu hizi riwaya na sitaki kukisema? Basi leo nakisema.

Ugonjwa huu niliupata kidato cha tatu, bwenini. Kulikuwa na kitabu kimoja cha Mills & Boon, hakina jalada, hakina kurasa nne za mwanzo, kinatembea kitanda hadi kitanda kwa foleni. Usiku wako ukifika ndiyo umefika: tochi chini ya shuka, sikio moja kwa matroni. Nadhani kilitoka kwenye vile vitabu vya mtumba vinavyopangwa chini pale Posta. Kiingereza changu kikapanda hadi mwalimu akanisifia mbele ya darasa. Angejua kilikotoka!

Kampuni hiyo ilianzia London mwaka 1908, na mpangilio wa hadithi zake sisi tuliujua kama Wimbo wa Taifa. Kurasa hazifiki mia mbili. Msichana ni nesi, sekretari au yaya, hana mbele wala nyuma. Mwanaume ni daktari, bosi, au tajiri wa Kigiriki mwenye meli zake. Ana sura ya hasira, salamu hajibu, anamfokea binti mbele za watu, anamshika mkono kwa nguvu. Halafu kurasa za mwisho tunaambiwa kumbe muda wote ule alikuwa anampenda, ila moyo wake ulishajeruhiwa. Sisi chini ya shuka, machozi.

Likizo nako nyumbani kulikuwa na hadithi za kwenye magazeti, zile zinazokatika pale patamu ukaambiwa itaendelea wiki ijayo. Mama alikuwa anasema yeye hasomi upuuzi huo. Lakini gazeti likichelewa, wa kwanza kuuliza ni yeye.

Sasa sikilizeni. Nikiwa na miaka 23 na mimi nikapata wangu. Mtanashati, ana pesa, mkimya, mkali. Yaani kama katoka ukurasani. Mwezi wa pili akataka namba ya siri ya simu yangu. Nikampa, nikijua hayo ndiyo mapenzi. Mwezi wa nne akawa anakuja kazini kwangu bila taarifa, anakaa ndani ya gari ng'ambo ya barabara kuangalia nimetoka na nani. Nikawahadithia mashosti huku nacheka, eti "huyo ana wivu huyo, we acha tu!"

Siku moja kwenye sherehe ya watu akanivuta mkono mpaka bangili ikakatika, akaniingiza garini. Alama ilikaa siku tatu. Na mwenzenu, pale kwenye kiti cha gari, nilichowaza ni hiki: hapa ndipo moyo wake unapouma, ngoja, atalainika.

Nilikuwa nasubiri ukurasa wa 180. Haukufika.

Ilinichukua mwaka mmoja na nusu kutoka pale, na aliyenitoa ni shangazi yangu, ambaye sijawahi kumwona na riwaya mkononi. Aliniambia maneno machache tu: "Mwanangu, anayekupenda hakutii woga." Nikalia mpaka basi.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kusoma mambo ya haki za wanawake, tena kwa hasira. Nikakusanya riwaya zangu zote, boksi zima, nikalipiga selotepu na kulipeleka kwa mama, chini ya kitanda cha mdogo wangu. Nikajiona nimeshinda.

Miaka miwili sikugusa hadithi ya mapenzi. Kisha nikaugua taifodi, niko kitandani wiki nzima, rafiki yangu mmoja akaniletea Pride and Prejudice ya Jane Austen, kitabu cha mwaka 1813. Nikasema sawa, hiki ni cha zamani, hakina dhambi. Mkaka ndiyo wale wale: tajiri, ana maringo, haongei na watu. Bwana Darcy huyo akamfuata Elizabeth akamwambia nataka kukuoa, kwa namna ya mtu anayekufanyia hisani. Elizabeth akamkatalia. Akamkatalia kweli kweli, na sababu akampa.

Nikakaa kitako kitandani, homa nikaisahau. Nikajua sasa ndiyo atamvuta mkono. Hakumvuta. Aliandika barua kueleza upande wake, akaenda zake, akaanza kujirekebisha. Baadaye anaisaidia familia ya binti kimya kimya bila kudai shukrani. Anaporudi kuuliza tena, anauliza kama mtu aliye tayari kukataliwa mara ya pili na asirudie milele. Miaka mia mbili iliyopita! Na mimi nilikuwa nimempa mtu mwaka mmoja na nusu nikimsubiri.

Hapo nikaelewa kwamba tatizo langu halikuwa mapenzi kwenye vitabu. Tatizo ni vitabu vilivyonifundisha kwamba "hapana" ya mwanamke ni kizuizi cha barabarani, kazi ya mwanaume ni kukiruka.

Na wala sijitungii. Ukirudi nyuma kwenye riwaya za mapenzi za Marekani utakutana na The Flame and the Flower ya Kathleen Woodiwiss, ya mwaka 1972, iliyouzwa kupita kiasi na kufungua njia kwa nyingine nyingi. Mle ndani shujaa anambaka binti siku ya kwanza wanayokutana, na mwisho wa kitabu wanapendana. Wanawake waliinunua kwa mamilioni. Siwacheki, mimi mwenyewe nilishasoma wajukuu wa kitabu hicho chini ya shuka na nikaomba kingine.

Basi, ladha yangu ya sasa ikoje?

Kwanza, nataka mdada mwenye kazi, na kazi yenyewe tuione. Siyo tunaambiwa ni wakili halafu mahakamani haendi. Kwenye The Wedding Date ya Jasmine Guillory, ya mwaka 2018, mdada mweusi anayefanya kazi ofisi ya meya anakwama kwenye lifti na daktari wa watoto. Wanapendana, ila na kazi inaendelea, mikutano iko pale pale.

Pili, nataka mwanamke mwenye mahali pa kwenda. Ndiyo maana Jane Eyre ya Charlotte Brontë, ya 1847, naipenda japo bwana yule simpendi. Mtu ameficha mke ghorofani halafu anataka kufunga ndoa nyingine, jamani! Lakini Jane akijua, anaondoka usiku karibu mikono mitupu. Na anaporudi, anarudi kwa hiari yake, akiwa amerithi fedha zake mwenyewe. Kurudi ukiwa na nauli ya kuondoka tena ni habari nyingine kabisa.

Tatu, nataka mwanaume anayeweza kuumia bila kumuumiza mtu. Talia Hibbert wa Uingereza alitoa Get a Life, Chloe Brown mwaka 2019. Chloe anaishi na maumivu ya mwili yasiyoisha, na mkaka wake aliwahi kuteswa na mpenzi wa zamani. Ana kidonda kweli, lakini hakigeuzi kuwa leseni.

Na kwetu? Yupo Yasmin wa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, binti wa Zanzibar ya ukoloni aliyeozwa kwa Bwana Raza, mzee aliyemzidi mbali. Yasmin anaondoka. Wengi tuliisoma kwa ajili ya mtihani, tukakariri dhamira na ujumbe, tukasahau kwamba ile pia ni hadithi ya msichana anayetaka kuchagua nani ampende. Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021, na mimi nilikuwa nashangilia kama naangalia mechi.

Najua kuna mtu hapo anasema, "Dada, si uache tu hizo takataka?" Mbona wakaka waliosoma Willy Gamba wa Elvis Musiba, bastola huku warembo kule, hakuna anayewauliza kama watakuwa majasusi? Mwanaume akisoma kupumzika, anapumzika. Mwanamke akisoma kupumzika, amepotoka. Mtafiti wa Marekani Janice Radway aliwahoji wasomaji wa riwaya hizi, wengi wao mama wa nyumbani, akatoa kitabu mwaka 1984. Walimweleza kwamba ule muda wa kusoma ndio muda wao peke yao, mbali na kupika na kuhudumia kila mtu. Nilipofika hapo nikamkumbuka mama na gazeti lake.

Na niseme ukweli wote: ladha hairekebishiki kama risiti. Bado napenda mkaka tajiri mwenye sura ya hasira. Bado pakitokea kipande cha wivu, moyo unaruka kidogo. Siwezi kuupeleka moyo polisi. Ninachoweza ni kujua ninachokula.

Nilidhani hayo yananihusu mimi tu. Mpaka Desemba.

Tulikuwa kwa mama wote, mimi na mdogo wangu anayesoma chuo mwaka wa pili. Tunapika, simu yake inaita. Anatoka nje, anarudi, inaita tena. Mara nikamwona anapiga picha sufuria ya wali, halafu ukuta, halafu mimi.

"Unafanya nini?"

"Anataka ahakikishe niko nyumbani."

"Kila siku?"

"Dada nawe! Wivu ndiyo mapenzi. Asiyekuonea wivu hakupendi."

"Nani kakuambia?"

Akacheka. "Si yale mavitabu yako ya kwenye boksi? Nimeyamaliza yote."

Nilishika mwiko nikashindwa kugeuza wali. Miaka yote ile nilidhani nimeyatupa, kumbe nimeyarithisha.

Nilitaka kufoka. Nilitaka kuchoma boksi. Lakini nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe, ningefokewa pale kwenye gari, ningemtetea yule mtu. Basi usiku tulipolala, taa imezimwa, nikamhadithia habari ya bangili. Hakuwa anaijua. Nyumbani nilisema niliivunja kwenye daladala. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani amelala. Kisha akauliza, "Sasa dada, mtu atajuaje?"

Nikamwambia sina elimu kubwa. Nina swali moja ninalolitumia kwenye vitabu, ajaribu na kwa watu: akiambiwa hapana, anafanya nini?

Asubuhi tulilitoa boksi. Hatukuchoma kitu. Tulikaa sakafuni, kila mmoja na kitabu na penseli, tunapiga mstari kila mwanamke anaposema hapana, na pembeni tunaandika mwanaume alifanya nini baada ya hapo. Kuna vitabu tulicheka mpaka mama akaja kuchungulia. Kuna kimoja mdogo wangu alikifunga katikati, akakaa nacho mapajani, haongei.

Sitawadanganya kwamba ameachana naye. Bado wako pamoja. Ila wiki iliyopita alinipigia. Kaombwa picha tena, akajibu, "Hapana, nimeshakwambia niko nyumbani, inatosha."

"Akasemaje?"

"Kanuna. Leo siku ya tatu hajapokea simu."

Ulimi uliniwasha, nikauzuia. Nikamwambia tu, "Basi usiziruke hizo siku tatu. Zisome taratibu."

"Nazisoma, dada," akasema.

Mimi huku naandaa boksi jingine la kumpelekea. Darcy yumo, Chloe yumo, Yasmin yumo. Kama una riwaya ya Kiswahili ambayo mkaka anaambiwa hapana na anasikia, nitajie jina lake jamani. Nafasi bado ipo. Na safari hii sivalishi kitu gazeti.