Mume Wangu na Picha za Maduka ya Zamani

Wanaume wengine huficha meseji. Wangu alikuwa anaficha picha za maduka.

Nilizikuta kabatini chini ya masweta yake: bahasha tatu, na risiti ya laki mbili na themanini. Hiyo ilikuwa pesa ya sofa, jamani! Tulinuniana siku nne. Ya tano akasema, "Twende Mwanza kwa bibi, nikueleze vizuri." Nikakubali, nusu kwa hasira, nusu kwa hamu ya sato.

Kama na mwenza wako ana ugonjwa huu, sikiliza. Huku kwetu, ukitaka picha za maduka za karne ya 19, tafuta za Unguja, ambako akina Gomes, Wagoa, walikuwa na studio yao. Mwanza ilikuwa bado. Wajerumani waliweka boma hapa mwaka 1892, na biashara ilichangamka baada ya reli ya Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901, mizigo ikawa inavushwa ziwani kwa meli. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Kwa hiyo ukiuziwa kadi ya "duka la Mwanza, 1890", shtuka.

Wangu hakushtuka. Aligeuza kadi baada ya kulipa: nyuma ina mstari katikati, huku ujumbe, huku anwani. Uingereza iliruhusu kadi za hivyo mwaka 1902, Ujerumani 1905. Za kabla ya hapo nyuma ni pa anwani tu, salamu unazibana upande wa picha. Laki mbili na themanini!

Jumapili asubuhi tulizunguka mjini kwa miguu. Ndiyo siku nzuri, fremu nyingi zimefungwa na magari machache. Usitazame mabango ya simu, inua macho: utaona majengo ya Wahindi yenye mwaka wa kujengwa kwenye saruji, nguzo nene, kibaraza kirefu cha kukinga jua. Tulipita mpaka Makoroboi, chini ya ile miamba. Jengo moja alilolipenda toka utotoni tulilikuta limezungushiwa mabati. Alisimama pale muda mrefu, hakupiga hata picha.

Ndipo akanieleza. Babu yake alishona miaka mingi kwenye kibaraza cha duka la nguo mjini hapa. Familia haina picha yake hata moja.

"Sasa babu wa miaka ya hamsini unamtafuta kwenye kadi ya Mjerumani?"

"Najua simpati," akasema. "Ila tazama." Kwenye kadi, juu ya mlango, jina la mwenye duka linasomeka. Pembeni kibarazani kuna mtu kainamia cherehani. Jina lake halipo popote.

Hapo sofa ikanitoka kichwani kidogo. Kidogo tu.

Jioni tukampelekea bibi ile kadi. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mke mwenzangu," akacheka, kama kawaida yake. Akaisogeza karibu na taa. Duka hakuliangalia kabisa. "Huyu kakaa vibaya," akasema. "Mume wangu alikuwa anakaa kushoto mwa mlango, jua la jioni lisimpige machoni."

Kesho yake akataka twende naye. Bajaji ikatushusha mbele ya duka ambalo sasa linauza vyombo vya plastiki. Kushoto mwa mlango, kwenye kivuli, kijana alikuwa anapindisha suruali.

"Sogea kidogo, baba," bibi akamwambia, akakaa kwenye ncha ya benchi lake.

Yule fundi akatuuliza picha ni ya nini.

"Ya kutunza. Na wewe utaje jina lako, liandikwe."

Tuliisafisha picha palepale mjini, shilingi elfu moja. Mume wangu akaandika nyuma kwa penseli: jina la bibi, la yule fundi, na la babu.