Kuwafulia Samaki Maji Yao

Kuna wanaodhani kwamba tangi la samaki ni pambo tu la sebuleni, sawa na saa ya ukutani. La hasha! Hilo letu lina mimea mingi kuliko samaki, na mimea hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi.

Ndani yake nimelaza kipande cha gogo ili mimea ishike mizizi. Gogo hutoa tanini, na baada ya majuma machache maji huwa kama chai ya turungi. Samaki hawadhuriki, lakini mwanga hufifia kabla ya kuyafikia majani ya chini.

Wengi hutumia kaboni, yale makaa yaliyotengenezwa maalumu. Ni nzuri, ila ikishajaa uchafu, kazi imekwisha. Wanafunzi wanaonitembelea huniuliza mbona nisiioke jikoni. Gramu 1 ya kaboni ina vinyweleo ambavyo, vikitandazwa, huzidi mita 500 za mraba, na kiwandani huzibuliwa kwa joto la nyuzi 700 za Selsiasi na zaidi. Jiko gani la nyumbani litafika huko? Na makaa ya kuchomea nyama, tafadhali, yaacheni huko huko kwa nyama. Majivu yake huvuruga maji.

Mimi hutumia punje za rezini. Hizi hutiwa katika kijifuko cha wavu na kuwekwa ndani ya kichujio, nyuma ya sponji. Hunasa rangi ya gogo na taka za majani yaliyooza kabla hazijageuka amonia. Zikishakuwa kahawia nzito, hazitupwi. Huloweshwa siku nzima, saa 24, katika dawa ya klorini ya kung'arishia nguo iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, zikarudia weupe wake. Soma kwanza karatasi ya mtengenezaji, kwani si kila rezini hustahimili klorini.

Hapo ndipo penye hatari. Mama watoto ametoa amri, nami naitii: kazi hiyo ni ya kwenye baraza, penye hewa, ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, mahali mtoto asipofika. Dawa isiwe na manukato. Wala isikutanishwe kamwe na siki au dawa ya kusafishia choo, maana hutoka gesi inayochoma mapafu.

Kisha suuza sana, na ulowe tena punje hizo katika maji yenye dawa ya kuua klorini, kwa mfano fuwele za thaiosalfeti ya sodiamu, hadi harufu iishe kabisa. Klorini kidogo tu huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wema wa kichujio. Ndiyo maana nina vijifuko viwili, kimoja kazini na kingine likizoni, nisije nikaharakisha.

Zeolaiti nayo husafishwa kwa maji ya chumvi tu, jambo rahisi mno. Hata hivyo sikuitaka. Yenyewe hunasa amonia, nayo amonia ni chakula cha mimea yangu. Ya nini kuinyang'anya?

Mpimaji wa nyumba hii ni kifunguamimba wangu. Kila Jumamosi huweka karatasi nyeupe nyuma ya tangi. Karatasi ikionekana manjano, huniita, na kijifuko hutoka.