Mwaka VAT Ilipoingia

Tarehe 1 Julai 1998 Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ilianza kutozwa Tanzania Bara, asilimia 20, badala ya kodi ya mauzo. Sisi tulioandika programu za maduka na maghala Dar es Salaam tulikuwa na kazi. Hesabu ya kodi ilikuwa imetapakaa kila mahali: kwenye ankara, kwenye stakabadhi, kwenye ripoti ya mwezi, na kila mteja ana nakala iliyorekebishwa kivyake. Wengi tulikulia kwenye lugha za hifadhidata za Clipper na FoxPro. Kutumia tena kazi ya jana kulikuwa kunakili mistari na kuibandika.

Miezi michache kabla, nilikuwa nimepewa jukumu la kuwafundisha vijana wa ofisini COM, utaratibu wa vijenzi, yaani vipande vya programu vinavyotumiwa na programu nyingine, uliotolewa na Microsoft mwaka 1993. Nikaichukua VAT iwe mfano. Hesabu yote tuliiweka ndani ya kijenzi kimoja, faili la DLL lililoandikwa kwa Visual Basic 5. Programu ya ankara haikutakiwa kujua asilimia. Iliuliza tu bei hii, bidhaa ya kundi hili, kodi yake kiasi gani.

Vijana walikuwa wamekwisha kuzoea kupachika kwenye fomu vijenzi vya watu wengine, kama kalenda na grafu. Kilichowatatiza ni kutoona ndani ya kijenzi.

"Kaka, nitakiaminije kitu nisichoweza kukifungua?" aliuliza mmoja, hodari kuliko wote.

Swali lilikuwa la haki. Nilimwambia akipe bei ambazo majibu yake anayajua, akibane mpaka aridhike. Kisha nikawaeleza sharti ninalolipenda hadi leo: kiolesura, yaani orodha ya maswali ambayo programu nyingine zinaweza kukiuliza kijenzi, kikishatolewa hakibadilishwi. Ukitaka jambo jipya, ongeza kiolesura cha pili, cha kwanza kiache kilivyo, ili programu ya zamani iliyoko kwa mteja Kariakoo iendelee kufanya kazi bila kuguswa. Hiyo ni heshima kwa mtu usiyemwona anayetegemea kazi yako, na sikuwahi kuikuta imeandikwa wazi hivyo katika ufundi wetu.

Taabu zilikuwepo. Mteja akisakinisha programu nyingine, DLL ya zamani inafunika mpya, na asubuhi ankara hazitoki. Tunakimbia na disketi kuirudisha DLL mpya na kuisajili upya.

Baada ya Julai, yule kijana aliyeuliza alidai kijenzi cha pili, cha kodi ya mishahara, kwa kuwa viwango vyake huguswa mara kwa mara kwenye bajeti. Kiolesura alikichora kwenye karatasi, akatupitishia mezani tukikosoe, kabla hajaandika mstari hata mmoja.